Wifi wa Kwenye Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maneno ya kigeni, lakini kurasa ni nyingi kuliko maneno ninayoyajua, basi nitaandika na mambo yangu. Mwalimu anasema anayeandika kila siku, hata mstari mmoja, mkono wake hauogopi karatasi. Mimi niliishia darasa la saba. Mkono wangu unaogopa.

Nina mtoto mmoja, wa kike, miaka miwili, tunamwita Chiriku kwa kelele zake. Baba yake yuko ng'ambo, anapanga mizigo ghalani. Aliondoka mimba ina miezi saba. Chiriku anamjua baba yake ndani ya simu tu, na simu ikiisha chaji anasema, "Baba kalala." Karatasi za kutuita mimi na mtoto ziko tayari, limebaki jambo moja: nifaulu mtihani wa lugha ya huko, tarehe 5 Juni. Nisipofaulu, karatasi zinaanza upya, na mara ya kwanza zilichukua mwaka na nusu.

Ndiyo sababu napanda ngazi za darasa, juu ya duka la rangi na misumari, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mchana. Mama mkwe anabaki na mtoto. Tuko wanafunzi kumi na mmoja. Mvua imeanza leo.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimejifunza kuuliza bei ya viazi.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu kaja na sanduku kalifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Ndani mna vishikwambi kumi na viwili, kila kimoja na hedfoni zake. Mradi fulani umetuazima. Ndani yake mna sauti ya mwanamke: anasema sentensi, nawe unaifuata. Ukipatia, kioo kinakuwa kijani. Ukikosea, kinakuwa chekundu, naye anakwambia, "Sema tena."

Kinyozi ndiye mzungumzaji wetu. Akavaa hedfoni, akasikiliza, akazivua. "Mtoto gani huyu anaingia kati ya watu bila shikamoo?"

Tukacheka. Bi Fundi, mshonaji, mkubwa wetu kwa umri, akashika kishikwambi kwa ncha za vidole kama anayeshika samaki. Mimi nilirudia sentensi moja mara nane. Nyekundu zote. Nikasema, "Huyu si mwalimu, huyu ni wifi. Unapika, anaonja, anasema rudia." Jina likamganda papo hapo. Tangu leo ni Wifi.

Mwalimu hakucheka. Alitueleza kwamba mtihani wa kusema siku hizi hauna mtu. Unakaa mbele ya kioo, unavaa hedfoni, unasema na sauti. "Muhula uliopita mwanafunzi wangu bora alikaa pale robo saa, akatoka bila kusema neno. Alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa anasubiri mtu atokee."

Jumatatu, 11 Machi

Paa letu ni la mabati. Mvua ilipopamba moto Wifi hakumsikia mtu. Bi Fundi alikuwa kanyamaza, anapangusa miwani, kioo chake kikawa kijani. Kinyozi: "Mvua imefaulu kabla yetu."

Ijumaa, 15 Machi

Nimekuja na kishikwambi nyumbani, tunaruhusiwa Ijumaa hadi Jumatatu. Nilikuwa jikoni nasema na Wifi, mama mkwe akachungulia.

"Unaongea na nani?"

"Na mashine, mama."

"Inakujibu?"

"Inasema nirudie."

"Basi haina adabu wala haina kazi ya kufanya." Akamchukua Chiriku, akaenda zake.

Nyekundu kumi na tisa. Kijani mbili.

Jumatano, 20 Machi

Alama zetu zote zinaonekana kwenye kishikwambi cha Mwalimu, mbele ya kila jina, na kila Ijumaa zinakwenda kwenye mradi. Sikujua. Tangu tulipojua, watu wanachelewa. Mmoja chaji imeisha, mwingine sikio linamuuma. Kinyozi anasema Wifi hapendi sauti za kiume.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Chiriku ana mafua. Sikwenda.

Jumatano, 27 Machi

Leo tumefanya jambo na sijui niliiteje.

Mwalimu alitusomea ujumbe wa mradi: madarasa yenye kijani chache yatanyang'anywa vifaa, vipewe wengine. Aliusoma kainamisha kichwa, kama aliyeandikwa ni yeye. Kisha akateremka kwenda kutafuta chaki, akakawia.

Kati yetu kuna dada mmoja aliyewahi kupokea wageni hotelini, lugha inamtoka kama maji ya bomba, tunamwita Redio. Akanyoosha mkono. "Nipeni."

"Tukupe nini?"

"Vishikwambi vyenu. Mwalimu wetu ataaibishwa na vioo hivi?"

Akaanza na cha Bi Fundi. Kijani, kijani, kijani. Akaja kwa Kinyozi. Akaja kwangu. Vikawa vinapita mkono kwa mkono chini ya meza kama ndoo za maji nyumba inapoungua. Mwalimu aliporudi, darasa zima lilikuwa limefaulu somo la pili na la tatu. Alitazama kioo chake, akatutazama, akakaa.

Sikuona kama tunadanganya. Niliona tumembebea mtu mzigo. Mwenzako akielemewa, unashika upande wa pili, huulizi.

Ijumaa, 5 Aprili

Tuko somo la saba. Yaani Redio yuko somo la saba, mara kumi na moja.

Ijumaa, 12 Aprili

Mradi umeandika kwamba darasa letu ni la kwanza katika madarasa yote. Mwalimu kanunua biskuti na chai ya birika zima. Anavaa miwani iliyofungwa waya mkono mmoja, leo aliivua na kuifuta mara tatu. Akasema, "Mimi nilidhani mtaikataa mashine. Nisameheni kwa kuwadharau."

Nilimtazama Bi Fundi. Alikuwa anatazama nje, mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Baba Chiriku kapiga. Akauliza niko somo la ngapi. Nikamwambia la tisa. Akapiga kelele ya furaha mpaka wenzake wakamnyamazisha. "Mke wangu, umenipita! Huku hata kliniki unaanza kusema na mashine ndipo umwone daktari. Mimi mwaka jana nilishindwa kuieleza ninapoumwa, nikarudi nyumbani na homa yangu."

Hakuwahi kuniambia kama aliumwa.

Simu ilipokatika nikafungua somo la tisa peke yangu. Sikuelewa hata swali.

Jumatatu, 22 Aprili

Redio hakuja. Kapata kazi mji mwingine, kaondoka jana, hata kuaga hakuwahi.

Jumatano, 24 Aprili

Nitaandika yote, maana sijawahi kumwona mtu akifanya kama alivyofanya Bi Fundi leo.

Mvua ilikuwa ya kumwaga. Mwalimu alisema leo kila mtu atasoma kwa sauti, mmoja mmoja, somo la kumi na mbili, ili asikie tulivyokomaa. Akaanza na Kinyozi. Kinyozi akafungua mdomo, akaufunga. Akasema koo linamkereketa. Mwalimu akamwambia pole, akaja kwa wa pili. Wa pili akasema hedfoni hazisikiki. Akaja kwangu.

Wifi aliniuliza jambo refu. Nilisikia neno "nyumba" na neno "mkataba", basi. Nikanyamaza. Akasema tena. Nikanyamaza.

"Mama Chiriku, wiki iliyopita ulipata kijani tupu hapa," Mwalimu akasema taratibu.

Ndipo Bi Fundi akasimama. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, magoti yake yanalia akisimama, kwa hiyo akisimama kila mtu anajua.

"Mwache mtoto wa watu, Mwalimu. Tumekudanganya."

"Mmenidanganya vipi, Bi Fundi?"

"Zile kijani zote za yule binti aliyeondoka. Sisi tulikuwa tunashika tu. Na mimi ndiye wa kwanza kumpa changu, na mimi ndiye mkubwa hapa, ningekataa wasingethubutu. Ukitaka wa kumgombeza, huyu hapa."

Mwalimu akatoka, akasimama barazani juu ya ngazi, mvua inampiga mabegani. Kinyozi mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake. Nilifikiri: atashuka, na hatarudi, na mtihani umebaki wiki sita, na mwanangu atabusu simu mwaka mwingine na nusu.

Akarudi. Akatoa leso, akafuta miwani, akasema, "Kosa la kwanza ni langu. Niliwaonyesha alama kabla hamjaizoea mashine. Mtu akihesabiwa kabla hajajifunza, anatafuta wa kumhesabia." Kisha akauliza, "Mlifanya kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako," Kinyozi akasema, "na kwa ajili ya aibu yetu. Nusu kwa nusu."

Bi Fundi alikuwa bado kasimama. "Nikuulize, Mwalimu. Mimi nikipata mwanagenzi, simpi kitambaa. Nampa karatasi ya gazeti, na sindano naitoa uzi. Anashona karatasi wiki mbili, anaitoboa tu, kwenda na kurudi, mpaka mstari unyooke. Mistari ya kwanza inakwenda kama njia ya mlevi. Haidhuru, hakuna atakayeivaa. Sasa hii mashine si ndiyo karatasi yetu? Nani anaona aibu mbele ya karatasi? Nirudishe somo la kwanza."

"Na mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu ya mvua.

Kinyozi akainua mkono. "Kwanza kuna somo la chini ya la kwanza?"

Wote tumerudishwa mwanzo.

Jumatatu, 29 Aprili

Mwalimu kauandikia mradi ukweli, kwa jina lake. Wamejibu kwamba watakuja Ijumaa. Hawakusema kuja kutazama au kuja kuchukua.

Jumatano, 1 Mei

Nyekundu kumi na nne, kijani sita. Zangu.

Ijumaa, 3 Mei

Kaja mama mmoja wa mradi, kavaa buti za mvua, kashika orodha. Sanduku tupu liko miguuni pake. Akasema kwa upole kwamba vifaa ni vichache na wenye kuvihitaji ni wengi.

Bi Fundi alivaa hedfoni juu ya kitambaa cha kichwa, akaanza somo la kwanza, kwa sauti, mbele yake. Nyekundu. "Sema tena." Nyekundu. Tukahesabu kimoyomoyo. Mara ya saba alisahau katikati, akacheka mwenyewe, akaanza upya. Mara ya kumi na moja aliomba maji. Mara ya kumi na saba, kijani. Akavua hedfoni, akamgeukia mgeni. "Hiyo moja ni yangu. Unaweza kuichukua mashine, lakini hiyo hutaondoka nayo."

Yule mama alitazama orodha yake. Akasema madarasa mengi yamemletea alama zinazoruka hivyo, lakini ni moja tu limemwandikia lenyewe. Ametuachia mpaka siku ya mtihani. Aliondoka na sanduku tupu, Kinyozi akamshikia mwavuli hadi chini.

Jumatatu, 6 Mei

Somo la pili.

Ijumaa, 10 Mei

Nitasema jambo ambalo sikutegemea kulisema: Wifi ni mtu mwema. Nimekosea sentensi moja mara thelathini na mbili na hakupandisha sauti. Shuleni mwalimu wa darasa la tano aliniuliza mara mbili tu, ya tatu akaniambia nikae, na tangu siku hiyo nikawa wa kukaa. Wifi haniambii nikae. Hachoki, hasengenyi, hanikumbushi jana. Wifi wa kweli wa namna hiyo ningemfulia nguo.

Jumapili, 12 Mei

Leo nimegundua kitu. Kila nikiingia jikoni na kishikwambi, mama mkwe anamvalisha Chiriku koti na kutoka naye barazani, hata mvua ikinyesha, mtoto asinipigie kelele. Wanakaa kwenye kigoda, anamhesabia matone. Nilidhani anakimbia mashine. Miezi miwili nimedhani hivyo.

Jumatano, 15 Mei

Somo la tano. Kinyozi anawasemesha wateja lugha ya kigeni wakiwa wamepakwa sabuni kidevuni. Anasema hawawezi kukimbia.

Ijumaa, 17 Mei

Baada ya darasa nilimsindikiza Bi Fundi mpaka kwenye kibanda chake cha kushonea. Nikamwuliza kwa nini anahangaika, maana yeye hana wa kumfuata wala karatasi za kusubiri. Akaniambia ana wajukuu wanne ng'ambo, wamezaliwa huko huko. Kiswahili hawana. "Wakipiga simu, wao wanasema, mimi nacheka. Mimi nasema, wao wanacheka. Mwaka wa sita sasa tunachekeana, Mama Chiriku. Kicheko ni kitamu, lakini hakina habari ndani yake."

Nilifika nyumbani nikamsimulia mama mkwe, kama mtu anavyosimulia habari za njiani. Alikuwa anamkata Chiriku kucha. Alimaliza mkono mmoja, akakaa kaushika muda, ndipo akahamia wa pili. Ningemeza ulimi wangu.

Ijumaa, 24 Mei

Somo la nane. Mvua zinapungua, Wifi anasikia vizuri, hatuna tena kisingizio.

Alhamisi, 30 Mei

Siku sita. Chakula hakipiti.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi. Miguu bado haijarudi.

Chumba cha mtihani kina vibanda vidogo vya mbao, kama vya kupigia kura, kila kimoja na kioo chake. Msimamizi anaonyesha kwa kidole tu. Kulia kwangu palikuwa na kijana wa kiume, mavazi mazuri, kalamu tatu mfukoni. Tukavaa hedfoni.

Sauti haikuwa ya Wifi. Ilikuwa ya mwanamume, nzito, ya haraka. Swali la kwanza nilijibu. La pili nilijibu nusu. La tatu akasema nieleze kwa dakika mbili habari za mtu wa nyumbani kwangu. Kisha kimya. Nambari zikaanza kurudi nyuma kwenye kioo.

Nikajua kilichomtokea yule mwanafunzi bora. Si kwamba huna maneno. Unatafuta jicho. Unatafuta mtu atikise kichwa, aseme "ehee". Hakuna. Sekunde kumi na tano zilikwenda namna hiyo. Kijana wa kulia alikuwa kashika hedfoni kwa mikono yote miwili, haongei.

Nikajiambia, hawa ndio ndugu zake Wifi, nimeshakosea mbele yao mara elfu moja, hakuna aliyekufa. Nikaanza. Nilisema: katika nyumba yetu kuna mwanamke mzee. Yeye ni mama wa mume wangu. Yeye anaamka mapema. Mimi ninasoma, yeye anakwenda nje na mtoto, kuna mvua. Yeye hasemi maneno mengi. Mimi nilifikiri yeye hapendi mashine. Mimi nilikosea. Sentensi fupi fupi, nyingine pengine zimevunjika mguu. Lakini nilisema mpaka nambari zikaisha, na nilikuwa bado na la kusema.

Barabarani nililia. Bi Fundi, aliyekuja kujipima tu, alinipa leso ya vipande vya vitambaa, akasema, "Lia upesi, nina gauni la mtu."

Ijumaa, 7 Juni

Hakuna habari.

Jumatano, 12 Juni

Hakuna habari. Jua kali.

Jumatano, 19 Juni

Nimefaulu. Sitini na nne, alama ya kufaulu ni sitini.

Kinyozi sabini na moja, anajitangaza mtaa mzima. Bi Fundi hamsini na mbili, naye kacheka kuliko waliofaulu. "Nilianza na kijani iliyopatikana kwa mvua!" Mwalimu alitusomea alama kasimama wima, na alipofika kwangu aliivua miwani. Mtu huyu aliandika kosa letu kwa jina lake, na leo ushindi anausoma kwa majina yetu.

Nilikimbia nyumbani na kandambili mkononi. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda. Nikamwambia. Akasema, "Mungu mkubwa, mwanangu," akanishika uso kwa mikono miwili. Kisha akaingia ndani akaanza kukunja nguo za Chiriku. Zilikuwa zimekunjwa tayari. Alizikunjua, akazikunja tena.

Nilisimama mlangoni. Msimu mzima nilikuwa naihesabu furaha yangu, na huyu ndiye aliyenishikia mlango ili nitoke na mjukuu wake. Alijua tangu Machi. Alitoka mvuani kila mara akijua.

"Mama," nikasema.

Bila kugeuka akauliza, "Kiti chako pale darasani kitakuwa wazi?"

"Kitakuwa wazi, mama."

"Muhula unaanza lini?"

Jumatatu, 1 Julai

Mradi umeviacha vishikwambi muhula mwingine. Mama mkwe nilimpeleka darasani mimi mwenyewe, Chiriku mgongoni. Ngazi alizipanda kwa kupumzika mara mbili, kavaa kanga zake nzuri kama anayekwenda kuposa. Wanafunzi wapya walikuwa wamejibanza ukutani, wanakitazama kile kisanduku. Mwalimu akafungua orodha, akampa shikamoo, akamwuliza kwa heshima anajiandaa kwa mtihani upi.

"Mtihani wangu una miaka miwili," mama mkwe akamjibu, "na unaondoka Agosti."

Mwalimu hakuandika kitu. Alimvutia kiti cha mbele.